Kozi ya FIRC mtandaoni: jinsi ya kuichagua na kuhuisha cheti chako cha ualimu wa urubani

Maswali yaleyale kuhusu FIRC, yaani kozi ya kujikumbusha ya walimu wa urubani, hayakomi, hasa kutoka kwa walimu wa urubani wanaohuisha cheti kwa mara ya kwanza. Nichukue kozi ipi? Nianze lini? Nikishafaulu mtihani wa mwisho, cheti kinajihuisha chenyewe? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe ili usome huku unatenda.

Mwongozo huu unahusu cheti cha mwalimu wa urubani kilichotolewa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Kama cheti chako kimetolewa na mamlaka ya nchi nyingine, kozi hii haitakihuisha, hata kama unafundishia ndege ya aina ileile. Fuata sheria za mamlaka iliyokupa.

Walimu wengi huchagua kozi kwa kuangalia bei na kasi ya kumaliza. Mimi nakushauri uanze na swali jingine: nani atayafikisha maombi yangu FAA, na atayafikisha lini? Masomo yenyewe karibu kila mwalimu huyamaliza. Wanaojikuta hawaruhusiwi kufundisha mara nyingi ni wale walioacha karatasi zikakwama njiani, na wanafunzi wao ndio wanaoumia kwa kusubiri.

Kilichobadilika, kwa ufupi

Hadi mwishoni mwa Novemba 2024 cheti cha mwalimu kilikuwa na tarehe ya kuisha iliyochapishwa juu yake. Kuanzia tarehe 1 Desemba 2024 FAA haichapishi tena tarehe hiyo. Badala yake unatakiwa uwe na uzoefu wa karibuni: kila baada ya miezi 24 ya kalenda utimize moja ya njia zilizotajwa katika kifungu cha 61.197 cha kanuni za marubani. Usipotimiza, cheti unabaki nacho mkononi lakini ruhusa ya kukitumia huna.

Hapa ndipo watu wanapopotea. Mtu anaona cheti kipya hakina tarehe, anajiambia ameshapumzika na mambo ya kuhuisha. Sivyo. Wajibu ni uleule, ila sasa tarehe haipo machoni pako, kwa hiyo unahitaji uangalifu zaidi kuliko zamani. Walimu bado wanasema "kuhuisha cheti", nami nitatumia neno hilo.

Andaa haya kabla ya kulipa chochote

- Cheti chako cha mwalimu na cheti chako cha rubani, vyote viwili, ili unakili namba bila kukisia.
- Akaunti yako ya IACRA, yaani mfumo wa FAA wa maombi ya vyeti kwa njia ya mtandao, pamoja na FTN, yaani namba ya utambulisho uliyopewa na mfumo huo. Ijaribu leo kama bado inafunguka.
- Kitambulisho cha serikali chenye picha ambacho muda wake haujaisha. Jina lililomo lifanane na lile la kwenye cheti.
- Anwani yako ya sasa ya makazi. Kanuni zinakupa siku 30 za kuiarifu FAA ukihama. Ukizipita bila kuarifu, huruhusiwi kutumia cheti hadi urekebishe. Sanduku la posta peke yake halitoshi.
- Logibuku na rekodi za wanafunzi uliowatia saini kwenda kwenye mtihani. Utaona kazi yake katika hatua ya pili.
- Muda wa kutosha. Kozi hizi zimejengwa juu ya saa 16 za mafunzo, na nyingi zinahesabu dakika unazokaa kwenye kila somo. Usiku mmoja hautoshi.

Kama unaishi nje ya Marekani na huna anwani ya makazi nchini humo, kuna jambo la ziada. Tangu mwaka 2025 FAA inataka mwenye cheti wa namna hiyo awe na wakala aliye Marekani wa kupokea nyaraka rasmi kwa niaba yake. Waombaji wapya walianza kubanwa na sharti hili tarehe 6 Januari 2025, na waliokuwa na vyeti tayari tarehe 7 Julai 2025. Wakala anasajiliwa kwenye mfumo wa FAA uitwao USAS. Lifanye hili kwanza, maana bila wakala huruhusiwi kutumia cheti chako.

Cheti cha afya hakihitajiki kuhuisha kwa njia ya kozi. Wanaouliza hilo ni wengi, na wapo walioahirisha kozi bure wakisubiri daktari.

Hatua kwa hatua

1. Jua tarehe yako ya mwisho. Kama bado una cheti cha zamani chenye tarehe, tarehe hiyo ndiyo mwisho wa kipindi chako cha uzoefu. Kama una cheti kisicho na tarehe, tafuta jina lako kwenye ukurasa wa FAA wa kutafuta taarifa za marubani, Airmen Inquiry. Mwisho wa kipindi chako umeandikwa pale. Usitegemee kumbukumbu. Hesabu inaenda kwa miezi ya kalenda, hivyo kipindi huisha siku ya mwisho ya mwezi, bila kujali ulihuisha tarehe 3 au 28.

2. Hakikisha kweli unahitaji kozi. Kozi ni njia mojawapo tu. Angalia hizi nyingine kwanza:

Kama katika miezi 24 iliyopita umetia saini waombaji wasiopungua 5 kwenda kwenye mtihani wa vitendo, na angalau asilimia 80 kati yao wamefaulu mara ya kwanza, rekodi hiyo inatosha. Kwa watano maana yake wanne wamefaulu kwa jaribio la kwanza.

Kama umefanya mtihani wa vitendo wa kuongeza daraja jingine la ualimu, nao unahesabika.

Kama kazi yako ni ya kupima marubani mara kwa mara, mathalani mwalimu mkuu wa shule ya urubani au mpimaji wa marubani katika shirika la ndege, kuna njia yako.

Na kuna njia iliyoongezwa na kanuni ya 2024: mwalimu aliyeendesha shughuli 15 za kuruka zinazotambuliwa na WINGS, mpango wa FAA wa kuinua ujuzi wa marubani, kwa marubani tofauti wasiopungua watano, huku naye mwenyewe akiwa na awamu halali ya WINGS. Naipenda sana njia hii kwa mwalimu anayefundisha marubani wenye leseni tayari na ambaye hana wanafunzi wa kupeleka kwenye mitihani. Kazi yake ya kila wiki ndiyo inayomhuishia.

Ukiona umetimiza moja ya hizo, unaweza kwenda FSDO, yaani ofisi ya FAA ya eneo, na ushahidi wako. FAA haitozi ada. Hata hivyo wapo walimu wanaostahili njia nyingine na bado wanachukua kozi kwa sababu wanataka kujifunza, na ni uamuzi mzuri. La muhimu ni kuchagua ukijua una njia gani.

3. Piga hesabu ya dirisha lako, yaani miezi unayoweza kuhuisha bila kupoteza muda. Hatua hii isome mara mbili.

Tuseme kipindi chako kinaisha tarehe 30 Juni 2026. Miezi mitatu ya kalenda kabla ya Juni ni Machi, Aprili na Mei. Ukihuisha katika miezi hiyo au ndani ya Juni yenyewe, miezi 24 mipya inahesabiwa kuanzia Juni, na mwisho wako mpya ni 30 Juni 2028. Hupotezi kitu kwa kuwahi. Lakini ukihuisha Februari, umetoka nje ya dirisha: miezi 24 inaanza Februari, na mwisho wako mpya unarudi nyuma hadi 29 Februari 2028. Umejinyima miezi minne bila sababu.

Cheti cha kuhitimu kozi nacho kina muda wake: kinakubalika kama kozi imekamilika ndani ya miezi mitatu ya kalenda kabla ya maombi. Kwa hiyo usihitimu mapema halafu ukakiweka kabatini.

Mpango ninaoupendekeza kwa mfano wetu ni kuanza masomo mwanzoni mwa Machi, kuhitimu Aprili, na kutuma maombi wiki hiyohiyo. Unabaki na Mei na Juni za kurekebisha chochote kitakachogoma.

4. Andika orodha fupi ya watoaji wa kozi. FAA ina orodha ya watoaji walioidhinishwa, nayo iko kwenye tovuti yake. Anzia hapo. Majina yanayotajwa sana na walimu ni Gleim, King Schools, American Flyers, Sporty's na AOPA Air Safety Institute, na wako wengine. Umaarufu wa jina usikufanye uruke hatua ya kuthibitisha kwamba kozi ina idhini ya FAA hivi sasa. Kozi nzuri ya usalama wa anga isiyo na idhini ya FIRC itakuelimisha, ila haitakuhuishia kitu.

Chagua watatu. Ukizidisha utatumia muda mwingi kulinganisha kuliko kusoma.

5. Uliza kuhusu karatasi kabla ya kuuliza bei. Mwandikie kila mtoaji, au piga simu, na umuulize haya:

Je, mna ACR, yaani mwakilishi aliyeruhusiwa na FAA kupokea maombi na kuyaidhinisha? Mwenye ACR anaweza kukumalizia kila kitu kupitia IACRA bila wewe kwenda ofisi yoyote. Asiye naye atakupa cheti cha kuhitimu, na kazi ya kutafuta FSDO au mtahini inakuwa yako.

Kumthibitisha mwombaji mnafanyaje? Kitambulisho kinakaguliwa kwa njia gani, na mnamkubali aliye nje ya Marekani? Usikubali jibu la "kwa kawaida hakuna shida". Taka utaratibu wenyewe.

Huduma ya kushughulikia maombi imo ndani ya ada ya kozi au inalipiwa mbali? Hapa ndipo kozi iliyoonekana rahisi kwa bei inapogeuka kuwa ghali.

Maombi yanachukua muda gani kwenu kuanzia ninapoyatuma hadi mnapoyaidhinisha, na mwisho wa mwezi hali huwaje? Walimu wengi hukimbizana siku za mwisho wa mwezi, na foleni hurefuka.

Nikikwama, namfikia nani? Kama jibu ni anwani ya barua pepe tu, mtumie swali dogo leo na uone atajibu baada ya muda gani. Hicho ndicho kipimo cha kweli.

6. Pima kama masomo ni ya sasa. Kozi ya kujikumbusha iliyobeba kanuni za zamani inakudhuru, kwa sababu utamfundisha mwanafunzi kosa kwa kujiamini. Watoaji wengi wana somo la majaribio la bure au angalau mtaala wa kuonyesha. Tafuta mambo matatu humo.

La kwanza, je, inaeleza mabadiliko ya 1 Desemba 2024 kuhusu vyeti vya walimu? Kozi ya walimu isiyojua kanuni ya walimu haifai.

La pili, je, inatumia viwango vipya vya mtihani wa mwalimu wa ndege vya ACS vilivyoanza kutumika tarehe 31 Mei 2024? Kama bado inaongelea viwango vya zamani vya PTS kwa mtihani huo, imebaki nyuma.

La tatu, je, inagusa MOSAIC, kanuni mpya za FAA kuhusu ndege nyepesi? Tangu tarehe 22 Oktoba 2025 rubani wa michezo (sport pilot) anaweza kuruka ndege nyingi zaidi kuliko awali, zikiwemo zenye viti vinne, ingawa bado anaruhusiwa abiria mmoja tu. Wanafunzi watakuuliza juu ya hili, na mwalimu akibabaika wataamini walichosikia kwingine.

Kozi ikipita vipimo hivyo vitatu, ina watu wanaoitunza. Ikishindwa kimoja, uliza ilisahihishwa lini mara ya mwisho.

7. Linganisha namna ya kufundisha na namna unavyojifunza wewe. Zipo kozi za maandishi, zipo za video, na zipo zinazochanganya. Ya maandishi inamfaa mwenye intaneti dhaifu, na ni rahisi kurudi kwenye aya unayoitaka. Ya video inamfaa anayechoka kusoma skrini baada ya siku nzima ya kuruka. Uliza pia kama kozi inakumbuka ulipofikia ukibadili kifaa, na kama inafanya kazi vizuri kwenye simu.

Zaidi ya yote, tazama mada za kuchagua. Kozi nyingi zina mada za lazima na nyingine unazochagua mwenyewe. Chagua zinazokaa karibu na kazi yako. Unayefundisha kuruka kwa ala, yaani kwa kutegemea vipimo bila kuona nje, chukua somo la ndege zenye skrini za kisasa na mifumo ya kujiendesha, maana mwanafunzi anayebonyeza vitufe bila kuelewa ndege inafanya nini ni hatari uliyoizoea mno hata huioni. Unayefundisha wanaoanza, chukua somo la kupoteza udhibiti wa ndege karibu na ardhi na lile la kuingia njia ya kurukia bila ruhusa. Mwalimu anayechagua mada nyepesi ili amalize haraka amepoteza saa 16 za maisha yake. Ukijikuta unajifunza jambo ambalo utalitumia kwenye somo la Jumatatu, kozi imelipa.

8. Soma kwa vipande, na kwa uaminifu. Saa moja na nusu kwa siku inatosha. Kwa wiki mbili utakuwa umemaliza bila kuumia. Andika pembeni kila jambo lililokushangaza, kwa sababu hayo ndiyo ambayo hata wanafunzi wako hawayajui.

Usiache video ijiendeshe ukiwa unafanya mengine, na usimpe mtu mwingine akufanyie maswali. Kifungu cha 61.59 kinakataza taarifa za uongo kwenye rekodi na maombi ya vyeti, na adhabu yake inaweza kuwa kunyang'anywa vyeti vyako vyote. Na ukiacha adhabu, unatia saini kwenye logibuku za watu wanaokuamini kwa maisha yao.

9. Jaza maombi IACRA siku unayohitimu. Pakua cheti cha kuhitimu na ukihifadhi mahali pawili. Kisha ingia IACRA, chagua maombi ya mwalimu wa urubani, na uonyeshe kwamba msingi wa maombi ni kozi ya FIRC. Andika jina la mtoaji na tarehe ya kuhitimu kama zilivyo kwenye cheti cha kuhitimu. Soma ukurasa wa mwisho wa mapitio neno kwa neno kabla ya kutia saini ya kielektroniki. Tuma, nakili namba ya maombi, halafu mpe ACR namba hiyo pamoja na FTN.

Onyo: kuhitimu kozi peke yake hakukuhuishi. Mpaka maombi yafike FAA kwa njia inayokubalika, una cheti cha kuhitimu tu. Kati ya makosa yote ya wanaoanza, hili ndilo linalonihuzunisha zaidi, maana mtu ameshafanya kazi yote ngumu.

10. Thibitisha kwamba rekodi imebadilika. Kama ulikuwa na cheti chenye tarehe, utapewa cha muda ambacho ni halali hadi siku 120, na cha plastiki kisicho na tarehe kitakufikia kwa posta. Ukishakuwa na cheti kisicho na tarehe, kwenye mizunguko ijayo kinachobadilika ni rekodi yako FAA. Rudi Airmen Inquiry baada ya wiki chache na uangalie tarehe mpya. Ipige picha ya skrini uihifadhi. Andika kwenye kalenda ya simu yako mwezi ambao dirisha lako lijalo litafunguka.

Mambo mawili watu huyachanganya na kuhuisha

Mapitio ya urubani ya kila miezi 24 ni kitu kingine. Kuhuisha ualimu kunakuondolea ile saa moja ya mafunzo ya ardhini katika mapitio hayo, lakini saa moja ya kuruka bado inakusubiri. Wapo wanaodhani FIRC imemaliza yote, wanaruka kama rubani kiongozi wakati mapitio yao yameisha.

Mafunzo ya usalama ya TSA, mamlaka ya Marekani ya usalama wa usafiri, nayo ni wajibu wa pekee. Baadhi ya kozi huyaweka ndani kama nyongeza. Ukiyafanya humo, hakikisha umepata hati yake peke yake na umeihifadhi, kwa sababu mkaguzi ataiomba hiyo, na cheti cha FIRC hakitamtosheleza.

Kama pia una cheti cha mwalimu wa ardhini, kuna habari njema: kuhitimu FIRC ni moja ya njia za kutimiza uzoefu wake wa miezi 12. Kozi moja, faida mbili.

Pakikwama

*Maombi yamerudishwa kwa sababu ya jina.* Mara nyingi ni jina la kati. Kwenye cheti limeandikwa lote, kwenye pasipoti ni herufi moja, au umeolewa na jina limebadilika kwenye kimoja tu. Kubadili jina FAA kunahitaji nyaraka na muda, kwa hiyo ukijua lipo tatizo hili, lishughulikie kabla ya dirisha kufunguka. Wakati huo usijaribu kulitatua kwa kuandika jina tofauti IACRA, utaongeza fundo.

*Nimesahau nenosiri na barua pepe ya zamani haipo.* Tumia namba ya FTN na maswali ya usalama. Usifungue akaunti ya pili. FTN mbili kwa mtu mmoja huleta mkanganyiko ambao utakuchukua muda mrefu zaidi kuurekebisha kuliko kusubiri msaada wa IACRA.

*Kozi haihesabu muda wangu.* Angalia kwanza kama umefungua somo kwenye vichupo viwili vya kivinjari. Mifumo mingi husimamisha saa ikiona hivyo. Zima vizuizi vya matangazo, ingia upya, na ujaribu kivinjari kingine. Bado ikigoma, piga picha ya skrini yenye tarehe na saa, uitume kwa mtoaji siku hiyohiyo.

*Nimefeli mtihani wa sura.* Kozi zina utaratibu wa kurudia, soma masharti yake. Ukifeli mara ya pili kwenye mada ileile, acha maswali, fungua kanuni yenyewe au kitabu cha mwongozo cha FAA kinachohusika, na usome kifungu chote. Kubahatisha majibu kunakupa alama na kukunyima ujuzi.

*ACR hajibu na mwezi unaisha.* Usisubiri siku ya mwisho. Piga simu kwa mtoaji asubuhi. Asipopatikana, wasiliana na FSDO iliyo karibu au na mtahini aliyeteuliwa na FAA, ukiwa na cheti cha kuhitimu na kitambulisho mkononi. Mtahini anaweza kukutoza ada yake. FSDO haitozi, ila miadi yake inaweza kuwa mbali.

*Tarehe yangu imepita.* Acha kufundisha mara moja. Kwa mfano wetu wa 30 Juni 2026, una Julai, Agosti na Septemba za kurejesha ruhusa kwa kukamilisha FIRC na kutuma maombi. Miezi hiyo mitatu ni ya kurejesha tu. Huruhusiwi kutoa mafunzo ya kuruka wala kutia saini ya kumruhusu mwanafunzi kuruka peke yake au kwenda kwenye mtihani. Ukitia saini ndani ya kipindi hicho, saini hiyo haina nguvu, na mwanafunzi wako anaweza kurudishwa mlangoni kwa mtahini baada ya kuwa ameshalipa. Waambie wanafunzi wako ukweli mapema, na uwatafutie mwalimu mwenzako wa kuwashika kwa muda.

*Hata miezi mitatu imepita.* Hapo kozi ya FIRC haikusaidii tena kurejesha. Unahitaji mtihani wa vitendo kwa mujibu wa kifungu cha 61.199. Huhitaji kurudia daraja zote: mtihani wa daraja moja la ualimu unarejesha cheti pamoja na daraja zake nyingine. Chagua daraja unalolifundisha zaidi, tafuta mwalimu wa kukunoa, na upange na mtahini mapema kwa sababu ratiba zao hujaa. Ukiwa unasubiri tarehe, soma zile ACS za Mei 2024 ukurasa kwa ukurasa. Ndizo mtahini atakazokuja nazo.